Tyubu moja, dawa mbili: pomadi ya ukurutu wa mtoto ipakwe vipi na iachwe lini

SWALI: Muganga, salamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu wa tatu, wa miaka minne, ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kila kiangazi kikiingia unazidi. Mwezi huu pale pakaanza kutoa maji na kushika vigaga vya manjano. Kwenye farmasi walinipa tyubu ya gramu 15, imeandikwa bétaméthasone na gentamicine. Nikipaka siku tatu panapoa kabisa, naacha. Zikipita siku tano hivi panarudi. Nimesharudia hivyo mara tatu. Je, niendelee tu hadi tyubu iishe? Nipake kiasi gani? Na mashavu, maana nayo yameanza, niyapake? Jirani yangu ananiambia ni dawa nzuri sana, yeye anaipaka usoni kila siku.

JIBU: Mama, usoni usiipake, na usiendelee nayo hadi iishe. Tyubu ikiisha haimaanishi kwamba ugonjwa umeisha. Unachohitaji ni kujua kwamba ndani ya tyubu hiyo mna dawa mbili zenye kazi mbili, na kila moja ina siku zake za kuachwa. Ukizihesabu kama dawa moja, utafanya hicho unachokifanya sasa: unapaka, panapoa, unaacha, panarudi.

Ya kwanza ni bétaméthasone. Hii ni steroidi, jamaa ya ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la kortizoni. Haiui mdudu yeyote. Kazi yake ni kutuliza uvimbe: inabana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi na kuzizuia chembe za kinga zisiendelee kuchochea moto. Kuwashwa kunakoma, mtoto analala, hajikuni tena. Ya pili ni gentamicine, antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Hiyo haitulizi ukurutu hata kidogo. Inapunguza bakteria walioingia kwenye ngozi iliyopasuka, hasa yule anayeitwa Staphylococcus aureus, ambaye ndiye mara nyingi analeta maji na vigaga vya rangi ya asali. Boksi nyingine unazoweza kukutana nazo zina mchanganyiko tofauti: acide fusidique badala ya gentamicine, au néomycine, au dawa tatu pamoja, bétaméthasone na gentamicine na clotrimazole, hii ya mwisho ikiwa ni ya fangasi.

Sasa tuanze na kinachokusumbua zaidi, yaani kwa nini panarudi.

Panarudi kwa sababu mbili. Moja, unaacha steroidi mapema mno. Siku ya tatu ngozi ya juu imeshatulia, lakini chini bado kuna uvimbe. Kwa ngozi yetu nyeusi hili linadanganya zaidi, kwa sababu wekundu ule unaosimuliwa vitabuni kwetu hauonekani kama wekundu. Unaonekana kama weusi uliokolea, au zambarau, au kijivujivu, na mtu anaweza kuamini pamepona wakati bado pamevimba. Basi usitazame tu, shika. Funga macho, pitisha kidole juu ya mkunjo wa kiwiko halafu kwenye ngozi iliyo pembeni isiyo na kitu. Kama unahisi ukwaruzo, au ngozi ni nene zaidi ukiibana kidogo kwa vidole viwili, au mtoto bado anajikuna usiku, hapajapona. Steroidi inaendelea hadi ukwaruzo na kuwashwa viishe, kisha siku mbili zaidi, mradi jumla isivuke siku 7 bila muganga kumwona mtoto. Kwa bétaméthasone na mtoto mdogo, waganga wengi husimama kwenye siku 5 hadi 7. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, dawa ya nguvu hiyo haipakwi kabisa mpaka muganga wa watoto au wa ngozi aseme.

Kosa lisilofaa kuingia hapa ni kuendelea kupaka kwa sababu ya alama. Ukurutu ukipona unaacha madoa, meusi zaidi au meupe kidogo, nayo yanaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Madoa hayo si ugonjwa, na steroidi haiyaondoi. Hapo ndipo tyubu tatu nne zinamalizika bure, na ngozi inakonda.

Sababu ya pili ndiyo kubwa: ukurutu si ugonjwa wa bakteria. Ngozi ya mtoto huyu inavuja. Haishiki maji yake vizuri, inakauka, inapasuka, na kila kitu kinachopita, sabuni, vumbi, jasho, sufu, kinaingia na kuichokoza. Bakteria wanakuja baadaye, kama wageni kwenye nyumba iliyoachwa wazi. Tena Staphylococcus wako kwenye ngozi ya watu wengi wenye ukurutu hata siku ambazo hakuna kidonda chochote. Ukiwaua leo bila kuufunga mlango, watarudi wiki ijayo. Ndiyo maana mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayowaandikia waganga miongozo, ilishauri kwamba mtu mwenye ukurutu ulioingiwa na bakteria lakini ambaye mwili wake mzima uko sawa, hana homa, hajalegea, asipewe antibiotiki kama desturi, iwe ya kupaka au ya kumeza. Steroidi yenyewe na mafuta mara nyingi vinatosha. Antibiotiki ya kupaka ikilazimika, iwe kwa sehemu ndogo na kwa siku 5 hadi 7.

Na hizi siku tatu tatu ulizorudia, Mama, kwa upande wa antibiotiki ndizo mbaya kuliko zote. Bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, halafu unawapa tena dozi kidogo, wanazoea. Acide fusidique hasa inajulikana kwa kuzoeleka haraka ikitumiwa hivyo. Siku mtoto atakapopata kidonda kikubwa, dawa itakuwa imeshachoka.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningekushauri upange, baada ya mtoto kuonwa kwenye kituo cha afya. Nasema aonwe kwa sababu imerudi mara tatu, na kwa sababu hiyo tyubu ulipewa bila mtu kuivua nguo ya mtoto akamtazama mwili mzima.

Kwanza vigaga. Dawa ikipakwa juu ya kigaga inabaki juu ya kigaga, haifiki kwenye ngozi. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia chumvi kijiko kidogo cha chai kwenye nusu lita. Loweka kitambaa safi cha pamba, kilaze juu ya vigaga dakika 10, kisha futa polepole. Kinachong'oka chenyewe king'oke. Kinachogoma kiache hadi jioni. Usikwangue, maana damu ikitoka umefungua mlango mwingine. Halafu mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha, kwa sabuni isiyo na manukato na kidogo tu, kwapani na sehemu za siri. Zile sabuni kali za dawa zinazoahidi kuua vijidudu vyote zinaukausha ukurutu, na sabuni ya kufulia ndiyo kabisa isimguse. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo yake mwenyewe, si kwa kumsugua. Nyembe za kucha zipite kila wiki: kucha ndefu za mtoto zinapanda bakteria kuliko unavyodhani.

Kisha kipimo. Hapa watu wengi wanakosea, wengine wanapaka kama wanapaka ukuta na wengine wanadokoa tone kwa woga. Kamua dawa juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncha hadi mstari wa kiungo cha kwanza. Uzi huo mmoja wa dawa, kama tundu la tyubu lina upana wa milimita 5, una karibu nusu gramu. Kwa kidole cha mwanamke hupungua kidogo, kama gramu 0.4. Unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo na vikiwa vimebanwa pamoja. Kipimo hiki kilitolewa na waganga wawili wa ngozi, Long na Finlay, mwaka 1991, na mpaka leo hakijapatikana kilicho rahisi zaidi. Kama tundu la tyubu yako ni jembamba kuliko hapo, uzi utakuwa mwembamba pia, basi ongeza kidogo.

Weka sasa kiganja chako juu ya mwili wa mtoto. Mkunjo wa kiwiko kimoja huenda ukachukua nusu ya kiganja chako. Viwiko viwili ni kiganja kimoja. Nyuma ya magoti mawili, kiganja kingine. Jumla viganja viwili, yaani kidole kimoja cha dawa kwa mara moja, kwa sehemu zote nne. Asubuhi na jioni ni karibu gramu moja. Kwa siku 7 ni gramu 7. Maana yake, ukimaliza wiki, tyubu ya gramu 15 inatakiwa ibaki na nusu au zaidi. Kama siku ya nne imeshaisha, umepaka mno. Kama siku ya saba haionekani hata kupungua, ulikuwa unadokoa, na huenda ndiyo maana hapaponi. Igawanye hiyo ya kidole kimoja katika vitone vinne, kila sehemu kitone chake, ueneze kwa kufuata vinyweleo vilivyolala, hadi ngozi ing'ae kidogo. Usisugue hadi ipotee.

Na usifunge. Bandeji, plastiki, nailoni, na nepi kwa watoto wadogo, vyote vinaisukuma steroidi ndani zaidi, mara kadhaa ya kawaida. Ndiyo sababu dawa hizi hazipakwi chini ya nepi. Ukurutu wa matako ya mtoto mchanga mara nyingi ni mkojo, au fangasi, na una tiba yake tofauti.

Boksi lako limeandikwa crème au pommade? Angalia, kwa sababu farmasi nyingi wanatoa tu ile iliyo karibu. Crème ni nyeupe, ina maji ndani, inaingia upesi. Inafaa sehemu zinazotoa maji na mikunjo. Pommade ni ya mafuta matupu, inang'aa, inakaa juu. Inafaa ngozi kavu, nene, iliyopasuka. Kwa hali uliyonieleza, inayotoa maji, anza na crème. Pakishaacha kutoa maji na kubaki ukavu, ya mafuta ndiyo bora.

Nguvu ya dawa usiipime kwa namba. Boksi za Kifaransa zinaandika 0,05 % kwa mkato, na watu wanaona ni kidogo kuliko hydrocortisone 1 %. Sivyo. Hydrocortisone 1 % ndiyo dhaifu kati ya hizi. Bétaméthasone 0,05 % au 0,1 % ni kali. Clobétasol 0,05 %, ambayo inauzwa kirahisi mno katika masoko yetu, ni kali kupita zote, na haina kazi kwenye mwili wa mtoto huyu. Kila molekuli ina nguvu yake, asilimia inalinganishwa tu kati ya dawa moja na yenyewe.

Sasa mafuta, ambayo kwangu ni zaidi ya nusu ya tiba. Steroidi bila mafuta ni kuzima moto na kuacha petroli sakafuni. Chagua vaseline ya kawaida, nyeupe au ya njano, isiyo na manukato. Paka mara mbili au zaidi kwa siku mwili mzima, hasa mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Wacha dakika 20 hadi 30 kati ya vaseline na pomadi ya dawa, zisichanganyike. Ipi itangulie si jambo la kugombania, mradi nafasi hiyo iwepo. Kiasi? Mtoto mwenye ukurutu wa mwili mzima hutumia gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Wako wa mikunjo hawezi kufika huko, lakini kama kopo la gramu 250 linakaa nyumbani miezi miwili, hajapakwa. Chota kwa kijiko safi, usitumbukize vidole, maana kopo hilo hilo litakuja kumrudishia bakteria uliowaua.

Kiangazi chetu, kati ya Mei na Septemba, hewa inakauka na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Juni na Julai usiku unakuwa baridi na familia nyingi zinakaa karibu na mbabula, yaani jiko la makaa. Mbabula inaikausha ngozi. Na liko jambo ambalo watu hawaambiwi kwenye farmasi: nguo, shuka na bandeji zilizonyonya vaseline zinashika moto upesi na kuwaka vikali. Huko Uingereza kumekuwa na vifo. Mtoto aliyepakwa mafuta asikae ubavuni mwa makaa yanayowaka, wala asilale na blanketi hiyo karibu na mshumaa siku umeme ukikatika. Kuzifua nguo kunapunguza tu mafuta, hakuyamalizi.

Wiki ikiisha antibiotiki inakoma, hata kama ukurutu bado upo. Kuanzia hapo, kama pamebaki uvimbe lakini maji na vigaga vimekwisha, mtoto anahamia steroidi tupu, isiyochanganywa na kitu. Hydrocortisone 1 % kwa sehemu laini, au bétaméthasone tupu kwa siku chache kama ngozi ni nene, kwa maelekezo ya aliyemwona. Dawa hizi mbili, zikiwa tupu, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si dawa za kifahari. Na kwa mtoto ambaye panarudi kila mara mahali pale pale, muganga anaweza kupanga siku mbili kwa wiki, tuseme Jumamosi na Jumapili, kupaka steroidi tupu kwenye sehemu hizo hata zikiwa zimetulia, kwa miezi kadhaa, na siku nyingine vaseline tu. Inasaidia kweli, tena jumla ya dawa inayotumika mara nyingi huwa ndogo kuliko hii ya kuzima moto kila wiki mbili. Lakini hiyo ni steroidi tupu. Tyubu yenye antibiotiki haiwezi kutumika hivyo.

Mashavu. Ngozi ya uso ni nyembamba, inanyonya dawa zaidi, na kope ndizo nyembamba kuliko zote. Steroidi kali ikikaa karibu na macho inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kuzunguka mdomo huleta vipele vidogo vinavyozidi kila ukiacha dawa. Kwa mashavu ya mtoto wako: vaseline mara nyingi, na kama hapatulii, hydrocortisone 1 % mara moja kwa siku, siku 3 hadi 5, mbali na kope. Hapa pia aonwe kwanza. Vigaga vya manjano vikitokea usoni, ni lazima aonwe, usijitibu. Makwapa na mapaja ya ndani yachukulie kama uso. Huko steroidi kali huacha michirizi ya ngozi ambayo haifutiki tena.

Kuhusu jirani. Anayeipaka usoni kila siku hatibu ugonjwa, anajichubua, pengine bila kuliita hivyo. Mwanzoni uso unang'aa na kuwa laini, kwa sababu mishipa imebanwa na rangi inapungua. Baada ya miezi ngozi inakonda, chunusi zinatoka, nywele zinaota, mishipa inaonekana, na akiacha siku mbili uso unawaka kama umepigwa na jua, basi anarudi kupaka. Mwambie hivi kwa upole. Kama amepaka uso tu, aende kwa muganga apunguziwe taratibu. Kama amekuwa akipaka mwili mzima kwa miezi mingi, asikatishe ghafla peke yake: steroidi nyingi iliyoingia mwilini huzilaza tezi za juu ya figo zinazotengeneza kortizoni ya asili, na zinahitaji muda kuamka. Kulegea, kizunguzungu na kutapika baada ya kuacha ni dalili za kukimbilia hospitali.

Narudi kwa mtoto. Kuna hali ambazo tyubu hii inazifanya zionekane nafuu huku ikiziharibu, na ndizo zinazonitia wasiwasi mtu anaponunua bila kuonwa. Steroidi inatuliza uvimbe wa karibu kila kitu, kwa hiyo kupoa siku ya pili hakuthibitishi kwamba ni ukurutu. Choa, ile duara yenye kingo zilizoinuka na katikati safi, ikipakwa steroidi inapoteza sura yake, kingo zinafifia, fangasi inaendelea kusambaa chini kwa chini. Na ile tyubu ya dawa tatu haiponyi tatizo hilo kwa kuwa na clotrimazole ndani. Marekani, mchanganyiko wa bétaméthasone na clotrimazole haushauriwi kwa walio chini ya miaka 17. Upele wa kuambukizana nao hivyo hivyo: kama mtoto anawashwa zaidi usiku, ana vipele kati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kitovuni, na wewe au wadogo zake mnajikuna pia, huo unatibiwa kwa dawa yake, nyumba nzima siku moja, na nguo zikafuliwa. Malengelenge madogo yanayofanana, yaliyojikusanya, yenye kishimo katikati, juu ya ukurutu, na mtoto ana homa, ni virusi vya herpes vimeingia. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, steroidi isipakwe. Na malengelenge au vijipu vigumu vyenye kitovu katikati, pamoja na homa na tezi zilizovimba, mpeleke kituo cha afya kwa sababu ya mpox, ile iliyokuwa ikiitwa ndui ya nyani, ambayo nchini mwetu imesambaa sana tangu 2023, ikiwemo aina mpya iliyoonekana Kamituga huko Kivu Kusini. Doa lililopauka lisilosikia ukiligusa kwa pamba si la pomadi pia: ukoma bado upo Kongo na unapona kwa dawa.

Dawa yenyewe nayo inaweza kugeuka. Néomycine hasa huleta mzio wa ngozi. Unajua hivi: siku za kwanza nafuu, kisha kuwashwa kunaongezeka pale pale ulipopaka, ngozi inazidi kuvimba na kutoa maji, na mtu anaongeza dawa akidhani haitoshi. Ukiona panazidi baada ya siku 4 au 5, acha, osha, nenda uonwe na tyubu mkononi. Gentamicine na néomycine hazipakwi juu ya vidonda vipana vilivyochubuka wala vya moto, maana huko zinanyonywa hadi kwenye damu na zinaweza kudhuru masikio na figo.

Usisubiri wiki ikiwa mtoto ana homa, au ngozi imekuwa ya moto na ngumu na inaenea, au analegea na kukataa kula, au anaumia zaidi ya kuwashwa. Hapo ni antibiotiki ya kumeza kwa uzito wake, au ya sindano, na hiyo kituo cha afya au hospitali ya Sendwe wataamua. Tena, wiki mbili hadi sita baada ya vidonda vya namna hii, ukiona uso wake umevimba asubuhi na mkojo una rangi ya Coca au chai nzito, mpeleke siku hiyo: baadhi ya bakteria wa ngozi huacha kinga ya mwili ikishambulia figo, na hakuna pomadi inayozuia hilo.

Nusu ya tyubu itakayobaki usimpe jirani wala usimwekee mtoto kwa kiangazi kijacho. Andika kwenye boksi tarehe uliyoifungua, ioneshe kwenye kituo cha afya utakapompeleka wiki hii, ili wajue alipaka nini na kwa siku ngapi, kisha wiki ya dawa ikiisha uwarudishie kilichobaki waitupe. Ukinunua nyingine, kataa iliyokaa juani kwenye meza ya soko, na ambayo namba ya lot au tarehe ya mwisho imefutika. Ikiwezekana nunua steroidi tupu, na kwa pesa iliyobaki kopo jingine la vaseline.